Ati ukikaa Malindi, Kiswahili kitakuja chenyewe?

Hii nimeisikia mpaka nimechoka. Mgeni anakwambia mwalimu mimi sina haraka, niko hapa Malindi, lugha itaingia yenyewe pole pole. Haiingii! Kuna Wataliano wana miaka hapa, wana nyumba, mpishi, askari wa geti, na Kiswahili chao mpaka leo ni jambo na asante. Si kwamba hawana akili, ni vile mji huu hauwalazimishi, bichi boi Kitaliano anacho, muuza vinyago anacho, mwenye duka akimuona mgeni anageuza lugha kabla hata hajasalimiwa, naye yuko kazini ataka kuuza, hakukaa pale kufundisha mtu. Sasa umekaa miaka mitano na Kiswahili ulichoongea ni cha wiki moja.

Dawa ninayoijua mimi ni moja. Tafuta mtu mmoja, mfano mama wa mahamri, umwambie wazi, mama, mimi na wewe ni Kiswahili tu. Mwanzo utasema nipe mahamri manne na mbaazi, basi. Baadaye atakuuliza mbona jana hukuja, hapo sasa "sikuja kwa sababu nilikuwa naumwa" lazima ikutoke, ukanushi na wakati uliopita vyote pamoja, bila jedwali langu ubaoni. Akikujibu Kiingereza wewe endelea tu, usione haya.

Nyingine ati Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa. Maneno tumekopa mengi, sawa, lakini sarufi ni ya Kibantu, na anayekuja na Kiarabu chake ngeli zinamtoa jasho vile vile.

Ati ofisi za Kenya ni Kiingereza tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Na nyie mnaoulizia uraia kwa sababu mmeishi hapa miaka mingi, sheria ya 2011 inataka uelewe na uzungumze Kiswahili au lugha ya kienyeji, haya.

Halafu wale wa kitabu, wakienda Lamu wanarudi wakisema watu wa kule wanakosea. Jamani! Kitabu chako ni Kiswahili sanifu, msingi wake Kiunguja, lahaja ya mjini Unguja, na Kiamu, lahaja ya hao wa Lamu, kilikuwa kinatungiwa tenzi kabla hicho sanifu hakijakuwepo.

Na hii ya mimi nimezeeka sitaki hata kuisikia. Watoto wanatushinda lafudhi, lakini sarufi mwanzoni mtu mzima huishika haraka zaidi. Darasani kwangu mwenye mvi ndiye anayenipigia simu usiku kuuliza kwa nini kiti ni kizuri na si mzuri, kijana hata daftari hana.