Mwanzilishi na meneja: maneno haya yalikuwa na maana gani katika kampuni ya dhahabu ya kikoloni

Nenda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo Geita au Chunya, uliza shimo hili ni la nani. Hutapewa jina moja. Kuna mwenye leseni, ambaye pengine hajawahi kushika sururu. Kuna mwenye duara, yaani shimo lenyewe, aliyetoa pesa za magogo ya kuzuia kuta, mafuta ya jenereta na chakula cha vijana. Kuna msimamizi anayelala palepale na kuhesabu viroba vinavyopanda. Halafu kuna wachimbaji wenyewe, walioko chini. Kila mmoja anajua fungu lake kabla jiwe halijafika juu, na ugomvi mwingi wa machimboni unazaliwa kwenye mgao huo.

Naanzia hapo kwa sababu historia za kampuni kubwa za zamani huandikwa kana kwamba mgao huo haukuwahi kuwapo. Utasoma kwamba kampuni fulani "ilianzishwa na" bwana fulani mwaka fulani, basi. Neno moja, mwanzilishi, linabebeshwa kazi za watu wanne au watano, na mara nyingi anayelivaa ni yule aliyefika mwishoni akiwa na karani na mwanasheria. Ili kulielewa, pamoja na neno meneja linalotembea nalo, ni afadhali kufuata kampuni moja hatua kwa hatua. Nachukua Ashanti Goldfields Corporation, iliyosajiliwa London mwaka 1897 ili kuchimba dhahabu Obuasi, katika nchi ambayo leo ni Ghana.

Dhahabu ya Obuasi haikugunduliwa na kampuni. Watu wa jamii za Waakan walikuwa wakichimba na kuchekecha dhahabu kwa karne nyingi kabla yake, wakipima vumbi lake kwa mawe madogo ya mizani ya shaba yaliyofinyangwa kwa sura za ndege, samaki na watu. Wareno walipofika pwani ile katika karne ya 15 walikuta biashara imeshakomaa, ndiyo maana Wazungu wakaiita Pwani ya Dhahabu. Kwa mila za Waakan ardhi ni ya kiti, yaani kile kigoda cha utawala ambacho chifu hukikalia kwa niaba ya waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Mgeni aliruhusiwa kuchimba, na desturi iliyojulikana sana ya kugawana mapato iliitwa abusa, yaani mafungu matatu, moja likienda kwa kiti. Kupewa ruhusa ya kuchimba hakukuwa kununua ardhi. Jambo hili ukilikosa, yote yanayofuata utayaelewa kombo.

Mwaka 1890 wafanyabiashara watatu wa Kifante kutoka Cape Coast, Joseph Ellis, Joseph Biney na Joseph Brown, walipata kutoka kwa machifu wa eneo hilo hati ya haki ya kuchimba kwenye eneo la maili za mraba 100, karibu kilomita za mraba 260, likiwamo Obuasi. Hao ndio wa kwanza kustahili kuitwa waanzilishi, kwa maana ya mwenye hati. Kazi yao haikuwa ndogo. Walikuwa watu wa pwani waliosoma, waliojua Kiingereza cha mikataba na pia adabu ya baraza la chifu, na waliojua bei ya mzigo London na njia ya msituni kwa pamoja. Walianza kuchimba wenyewe. Walichokosa ni mtaji wa mitambo, kwa sababu mwamba wa Obuasi unazama chini sana na sururu haziwezi kuufuata mbali.

Hapa anaingia mwanzilishi wa aina ya pili, ambaye kwa Kiswahili hatuna jina lake lililozoeleka. Ni mtu anayeichukua hati iliyo mkononi mwa mwingine, akaigeuza kuwa kampuni, akaipeleka kwenye soko la hisa na kuwaita watu waweke pesa. Nitamwita muundaji wa kampuni. Kwa Ashanti mtu huyo alikuwa Edwin Arthur Cade, mfanyabiashara wa London aliyekuwa na uhusiano wa kibiashara na hao wa Cape Coast. Mwaka 1895 alisafiri mwenyewe hadi Obuasi, akauona mwamba kwa macho yake, akakubaliana na wenye hati, na mwaka huohuo ikaundwa kampuni ndogo iliyoitwa Côte d'Or. Miaka miwili baadaye haki hizo zikahamia kwenye kampuni kubwa, Ashanti Goldfields, yenye mtaji wa pauni 250,000.

Naomba msomaji atulie kidogo kwenye tendo hilo la kuhamisha, maana ndilo kiini cha dhana yenyewe. Muundaji wa kampuni anakuwa na haki ambayo gharama yake kwake ni ndogo. Anaanzisha kampuni, kisha anaiuzia kampuni hiyo haki ileile kwa bei kubwa, na malipo yake huwa fedha kiasi na hisa kiasi. Hisa zinazobaki huuzwa kwa umma. Thamani inapanda pale pale kwenye karatasi, kabla ya jiwe moja kupondwa. Mtindo huo ulikuwa halali, na kampuni nyingi sana za madini za miaka ile ziliundwa hivyo, nyingi zikafa bila kutoa hata mkufu mmoja. Lakini kwa chifu aliyetoa ruhusa akifikiria mgao wa kila kinachotoka ardhini, dunia ilikuwa imebadilika bila yeye kujulishwa. Kile alichokiona kuwa ruhusa ya kuchimba sasa kilikuwa mali inayouzwa, kurithishwa na kukatwa vipande maelfu mikononi mwa watu ambao hawatakanyaga Adansi, nchi ya Obuasi, maishani mwao. Ninapoona neno mwanzilishi limekaa peke yake kwenye sentensi, hilo ndilo ninalotafuta kwanza: ruhusa ilibadilika lini kuwa mali, na nani alikuwapo chumbani.

Aliyekuwapo chumbani pia ni serikali. Januari 1896 jeshi la Uingereza lilifika Kumasi, mji mkuu wa Waasante (ndio Ashanti wa Kiingereza), na kumkamata Asantehene, yaani mfalme wao, Prempeh wa Kwanza. Alipelekwa Sierra Leone, na mwaka 1900 akahamishiwa Ushelisheli, visiwa ambako Waingereza waliwafungia pia Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Mfalme akiwa uhamishoni, mwaka 1897 serikali ya kikoloni iliithibitishia kampuni ya Cade haki zake kwa muda wa miaka 90. Thibitisho hilo ndilo lililoifanya hati ya 1890 iwe na nguvu mbele ya wanunuzi wa hisa. Sitii chumvi nikisema kwamba dola ilikuwa mwanzilishi asiyetajwa. Bila jeshi lile na ile saini ya serikali, Cade angebaki na karatasi ya makubaliano na machifu, na mshindani yeyote angeweza kuja na yake. Mwaka huohuo wa 1897, mjini Cape Coast, wasomi na machifu waliunda chama cha kutetea haki za wenyeji ili kupinga muswada wa ardhi wa serikali. Hivyo watu wa zama zile walielewa vizuri kilichokuwa kinachezwa.

Mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya Ashanti Goldfields alikuwa Frederick Gordon. Huyu alikuwa tajiri wa mahoteli, mwenye kundi la Gordon Hotels, na hakuwa mtu wa madini. Inashangaza mwanzoni, lakini kazi ya mwenyekiti katika kampuni kama hii ilikuwa kuaminika. Mjane wa London au mwenye duka wa mji mdogo hakuweza kwenda Obuasi kuukagua mwamba, ila alilijua jina la mwenye hoteli kubwa. Jina lilikuwa dhamana. Gordon alifariki mwaka 1904.

Meneja naye ni habari nyingine kabisa. Mkurugenzi alikaa London na kukutana na wenzake kuzunguka meza. Meneja mkazi aliishi mgodini, akapatwa na homa mgodini, na ndiye sura ya kampuni ambayo wenyeji waliiona. Wa kwanza Obuasi alikuwa mhandisi John Daw, aliyefika mwishoni mwa 1897. Reli haikuwapo. Kila kipande cha mtambo wa kuponda mawe kilifika kwa vichwa vya wapagazi waliopita msituni kutoka pwani, kama wenzao waliokuwa wakitoka Bagamoyo kwenda bara wakati uleule. Chuma kilichozidi nguvu ya mtu mmoja kilibebwa na kundi, au kilibidi kifunguliwe vipande. Kwa hiyo siku za mwanzo meneja wa mgodi alikuwa hasa msimamizi wa misafara: kutafuta wabebaji, kuwalipa, kuwalisha, kuhesabu kilichofika na kilichobaki njiani. Utaalamu wake wa miamba ulisubiri zamu yake.

Kisha kulikuwa na tatizo la nguvukazi. Mwenyeji aliyeweza kuchimba kwake kwa mgao wa mafungu matatu hakuwa na sababu ya kuingia kwenye shimo la kampuni kwa ujira wa siku. Nadhani hili ndilo lililowasumbua mameneja wa kikoloni kuliko ugumu wa mwamba, hapo Obuasi na kwingineko Afrika, na ndilo linaloeleza kwa nini barua za mameneja wa aina hii zilijaa malalamiko juu ya "uvivu". Mtu aliyekataa masharti mabaya alikuwa na hesabu zake, tena sahihi.

Mwaka 1900 Gavana Frederick Hodgson alikwenda Kumasi akadai aletewe Kigoda cha Dhahabu, roho ya taifa la Waasante. Vita vikalipuka, vikiongozwa na Yaa Asantewaa, mama mtawala wa Ejisu. Mgodi ulikuwa ndani ya nchi iliyokuwa ikipigana. Baada ya vita kuzimwa, reli iliyoanzia Sekondi ilifika Obuasi mwaka 1902 na Kumasi mwaka 1903, na kuanzia hapo kazi ya meneja ikageuka. Mitambo mizito ikafika kwa behewa, mashimo yakachimbwa kwenda chini zaidi, na mhandisi akapata kuwa mhandisi.

Si kila kampuni iliwatenga mwanzilishi na meneja namna hiyo. Afrika Kusini, Cecil Rhodes na Charles Rudd walisajili Gold Fields of South Africa mwaka 1887 wakiwa waanzilishi na wakurugenzi watendaji kwa pamoja, na mkataba ukawapa fungu la faida kwa kazi hiyo ya usimamizi. Mwenyekiti wa London alikuwa Thomas Rudd, kaka wa Charles. Mwaka uliofuata Charles Rudd alikwenda kwa Mfalme Lobengula wa Wandebele, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na tarehe 30 Oktoba 1888 akapata hati ya madini kwa ahadi ya pauni 100 kwa mwezi, bunduki 1,000, risasi 100,000 na mashua ya mvuke kwenye Zambezi. Lobengula alipofahamu jinsi hati ile ilivyokuwa ikisomwa Ulaya, aliikana, lakini tayari ilikuwa inageuzwa kuwa msingi wa British South Africa Company, kampuni nyingine ya Rhodes, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1889. Mwendo ni uleule wa Obuasi, ila kwa kasi kubwa zaidi na kwa ukatili ulio wazi zaidi.

Na huko kusini ndiko unakoona meneja akivuka mpaka na kuingia katika siasa. John Hays Hammond, mhandisi Mmarekani wa kampuni ya Gold Fields ya Rhodes, alikuwa miongoni mwa waliosisitiza kuchimba kina kirefu kwenye mwamba wa dhahabu wa Witwatersrand, eneo la Johannesburg. Mtu huyohuyo alikamatwa kwa kuhusika na njama ya kuipindua serikali ya Transvaal, jamhuri ya Makaburu, iliyofungamana na uvamizi wa kijeshi ulioongozwa na Jameson, mtu wa Rhodes, mwishoni mwa 1895. Alihukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa, na akaachiwa baada ya kulipa faini ya pauni 25,000. Mfanyakazi wa kampuni, kwa mkataba wa mshahara, alijikuta akisomewa hukumu ya uhaini. Kwa hiyo anayedhani meneja wa zama zile alikuwa fundi asiye na upande anapaswa kumkumbuka Hammond.

Kuna swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mara: basi Ellis, Biney na Brown walikuwa wazalendo au madalali? Sipendi swali lilivyo. Walikuwa wafanyabiashara wa Kiafrika waliotaka kuingia kwenye dhahabu ya kisasa kwa haki yao, wakakuta kwamba mlango wa mtaji uko London na ufunguo wake hawakupewa. Ninachodai kwa ajili yao ni kidogo tu, kwamba majina yao yatajwe kabla ya la Cade, kwa sababu walitangulia.

Kampuni yenyewe iliishi muda mrefu. Lonrho, kampuni ya Uingereza, iliinunua mwaka 1968, na mwaka 1972 serikali ya Ghana ilijitwalia asilimia 55. Mwaka 1996 Ashanti ilinunua kampuni iliyokuwa na haki za Geita, mgodi mpya wa Geita ukafunguliwa mwaka 2000, na mwaka 2004 ikaungana na AngloGold, kampuni ya dhahabu ya Afrika Kusini, kuwa AngloGold Ashanti. Ndilo jina linalosomeka leo kwenye mgodi ule wa Kanda ya Ziwa, na neno Ashanti ndani yake limetoka moja kwa moja kwenye usajili wa 1897.

Muda wa miaka 90 uliothibitishwa mwaka huo ungemalizika 1987. Mwaka mmoja kabla yake, 1986, kiti cha mtendaji mkuu wa Ashanti Goldfields kilikaliwa kwa mara ya kwanza na Mghana, Sam Jonah, aliyekulia Obuasi na kuanza kazi katika mgodi huohuo akiwa kibarua wa chini ya ardhi.