BGP kwenye swichi: weka chujio kwanza, jirani baadaye

BGP ndio lugha ambayo mitandao tofauti inapeana njia za kufikia IP, na jirani ni kifaa cha upande wa pili unachoongea nacho. Juzi kuna dogo kaniuliza, bro nimeweka BGP kwenye swichi, mbona jirani anaonyesha Active lakini hakuna kitu kinapita? Nikacheka maana na mimi nilidanganywa na hilo neno zamani. Active kwenye BGP haimaanishi iko poa, maana yake swichi bado inahangaika kufungua muunganisho wa TCP (port 179) kwa jirani na hajaitikia. Ikishakubali, ukipiga show ip bgp summary pale kwenye safu ya mwisho hutaona neno, utaona namba, ndio idadi ya njia ulizopokea. Mara nyingi Active ni namba ya AS (kitambulisho cha mtandao kwenye BGP) mmekosea upande mmoja, au firewall, basi.

Sasa hizo namba za AS. Ukiwa na ISP (kampuni inayokupa intaneti) mmoja tu anaweza kukubali utumie za binafsi, 64512 mpaka 65534, yeye anaziondoa kabla ya kutangaza nje. Ukiwa na wawili na block yako ya IP, unaomba namba ya kwako, na huku Afrika wanaogawa ni AFRINIC kule Mauritius. Namba zao za biti 32 zinaanzia 327680, kwa hiyo usishtuke swichi ikikuandikia 5.0, ni namba ileile imeandikwa kwa mtindo wa nukta (327680 gawa kwa 65536). Na ukiona 23456 kwenye njia ujue kuna kifaa cha zamani mahali hakijui namba ndefu, sio ISP mmoja mwenye mambo mengi 😂

Ila kilichonifanya niandike ni kingine. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na ofisi ndogo hapa Dar, ISP wawili, swichi moja ya layer 3 (inayofanya na kazi ya rauta). Wa kwanza alikuwa ananipa njia za wateja wake tu, maana swichi ile TCAM yake (kumbukumbu ya kuweka njia) isingebeba intaneti nzima hata kwa maombi. Nikamwongeza wa pili saa nne usiku, jirani akapanda, nikafurahi, nikaenda kulala. Asubuhi simu: "Kaka, mbona unatutangazia njia za fulani?" Kumbe BGP ukiiacha hivihivi, njia bora ulizojifunza kwa jirani mmoja inamtangazia na mwingine, na yule wa pili alikuwa hachuji, halafu ISP karibu wote wanapendelea njia ya mteja kuliko ya mtu mwingine, maana mteja ndio anayelipa. Kwa hiyo trafiki kati ya ISP wawili wakubwa ikawa inapita kwenye laini yangu ya Mbps 50, ofisini hata email haifunguki, bosi amesimama nyuma ya kiti changu ananiangalia tu.

Na kosa langu lilikuwa dogo tu. Februari 2008 Pakistan Telecom walitaka kuifunga YouTube ndani ya nchi yao, wakatangaza 208.65.153.0/24, ikavuja nje kupitia PCCW, ISP aliyekuwa anawaunganisha na nje, na kwa kuwa YouTube wenyewe walikuwa wanatangaza /22, block kubwa zaidi, ile /24 ikashinda maana BGP au sio BGP, rauta inafuata njia iliyo mahsusi zaidi. Dunia ikakosa YouTube kama saa mbili hivi.

Mwaka 2017 ikatoka RFC 8212 (hati ya viwango vya intaneti) inayosema jirani wa nje asiye na sera, yaani chujio, asipewe kitu wala asipokelewe kitu, ila IOS ya kawaida (programu ya vifaa vya Cisco) haijali, inamwaga tu. Kwa hiyo siku hizi naanza hivi (namba ni za mfano, na block yako iwe tayari imewekwa kwenye BGP kwa amri ya network):

ip prefix-list ZETU permit 203.0.113.0/24
router bgp 64496
neighbor 198.51.100.1 remote-as 64500
neighbor 198.51.100.1 shutdown
neighbor 198.51.100.1 prefix-list ZETU out
neighbor 198.51.100.1 maximum-prefix 5000

Shutdown inakuja mara tu baada ya kumtaja jirani, usisubiri, sekunde chache zinatosha kuharibu. Ile maximum-prefix ni ya kulinda swichi, siku ISP akikosea akakumwagia njia zote session inakatika badala ya TCAM kujaa. Halafu unaondoa shutdown, unasubiri namba itokee, unapiga show ip bgp neighbors 198.51.100.1 advertised-routes. Inatakiwa uone mstari mmoja, block yako. Ukiona miwili rudisha shutdown hapohapo, chai utakunywa baadaye.