Kwa nini mbunge husifu "majibu mazuri" kabla ya kuyakataa?

Washa redio asubuhi, saa tatu imeshapita, wakati Bunge la Tanzania linakaa Dodoma. Haitachukua muda utaisikia: "Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Serikali, nina maswali mawili ya nyongeza." Halafu huyo huyo aliyesifu anaeleza kwamba daraja halijajengwa, watoto hawavuki mto masika yakianza, na ahadi hiyo hiyo aliwahi kupewa huko nyuma. Sasa uzuri wa majibu uko wapi?

Sehemu ya jibu imo kwenye Kiswahili chenyewe. "Pamoja na" ina nyuso mbili. Ukisema umekula wali pamoja na maharage, vyote vimeingia tumboni. Ukisema "pamoja na mvua yote ile, alikuja," maana yake ni licha ya mvua. Mbunge anasimama katikati ya maana hizo mbili. Waziri anasikia shukrani, mpiga kura anayesikiliza kijiweni anasikia "licha ya," na hakuna aliyevunjiwa heshima. Ukitaka kujua mbunge amekasirika kiasi gani, sikiliza kama neno "mazuri" limo. Akisema tu "pamoja na majibu ya Serikali," kavu kavu, jua hapo kuna jambo.

Lakini kwa nini abembeleze? Katiba, ibara ya 63(3)(a), inasema Bunge laweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Hiyo ni nguvu ya kuuliza. Nguvu ya kutoa fedha iko kwingine: kwa ibara ya 99, mambo ya kuongeza matumizi ya Serikali hayashughulikiwi na Bunge mpaka Rais apendekeze, na pendekezo lake liletwe na waziri. Kwa maneno mengine, mbunge hawezi kuamka asubuhi akaleta hoja ya kilomita 20 za lami jimboni kwake. Lazima amfanye mwenye fungu alione tatizo lake, na mwenye fungu hatukanwi.

Kuna na hili: waziri wa Tanzania na naibu wake ni wabunge pia, ndivyo Katiba inavyotaka. Mara nyingi muulizaji na mjibuji ni wa chama kimoja, na mchana watakutana kantini. Kenya ni tofauti. Tangu Katiba ya 2010, mawaziri si wabunge, na kwa miaka mingi maswali yalijibiwa kwenye kamati; ni 2023 ndipo walipoanza kufika mbele ya Bunge zima kujibu. Huko waziri anaingia kama mgeni. Dodoma anajibu akiwa nyumbani.

Swali la msingi lenyewe halina mshangao. Limepelekwa kwa maandishi mapema, limepewa namba, limechapwa kwenye Orodha ya Shughuli za siku hiyo. Mbunge anasimama na kuomba swali lake namba fulani lipatiwe majibu. Naibu waziri anasoma: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Kilichoandikwa pale kimepita mikononi mwa wataalamu wa wizara, na kina lugha yake ambayo mwananchi akishaizoea anaanza kusoma kati ya mistari.

Tuseme swali ni daraja: "Je, ni lini Serikali itajenga daraja la mto fulani?" Neno zito ni "lini." Jibu likianza na "Serikali inatambua umuhimu wa daraja hilo," usipige makofi bado, kutambua hakuna gharama. Likisema "upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea," maana yake wako kwenye makaratasi, wanapima kama daraja linafaa na litakaaje. Likisema "fedha zimetengwa," zipo kwenye kitabu cha bajeti, lakini kutengwa si kutolewa, na mkandarasi halipwi kwa kitabu. Likisema "mkandarasi yupo eneo la mradi," hapo hata mimi nakaa vizuri. Na likifungwa kwa "kulingana na upatikanaji wa fedha," basi "lini" haijajibiwa, na mbunge ana haki ya kusimama tena.

Hapo ndipo nyongeza inapoingia, na kwangu huo ndio utamu wa kipindi chote. Mwenye swali kwa kawaida hupata mawili, na waziri hajaandikiwa majibu yake. Wengine nao wanasimama wakitafuta jicho la Spika, ndiyo maana aliyepata nafasi huanza kwa "nakushukuru kwa kuniona." Kwa kuwa swali la nyongeza lazima litokane na lile la msingi, utasikia sentensi nyingine maarufu: "Kwa kuwa tatizo la eneo hilo linafanana kabisa na la jimboni kwangu..." Kwa mfanano huo, swali la mto mmoja wa Kusini linageuka barabara ya Kanda ya Ziwa, na Spika akiwa na moyo mzuri anaachia.

Nyongeza inayopendwa kuliko zote ni hii: "Je, Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami akajionee mwenyewe?" Inachekesha kidogo, kana kwamba ni mwaliko wa harusi. Ila ni mtego mzuri. Kusema "siko tayari" mbele ya taifa ni vigumu, kwa hiyo anakubali, na kukubali kwake kunaingia kwenye Taarifa Rasmi, yaani kumbukumbu ya yanayosemwa Bungeni (Hansard), neno kwa neno. Mwakani mbunge ataifungua na kuanza: "Serikali iliahidi hapa hapa Bungeni..." Na naibu waziri akifika kweli, anasimamishwa mbele ya wananchi, mhandisi wa wilaya pembeni, mto ukionekana kwa macho. Pale hakuna karatasi ya kusoma.

Na maswali yakigonga mwamba? Linangojewa Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni. Wizara inapofika kwenye kupitisha mafungu yake ya fedha, Bunge likiwa limekaa kama kamati chini ya Mwenyekiti, mbunge ambaye hajaridhika anatangaza kushika shilingi: anataka shilingi moja iondolewe kwenye mshahara wa waziri mpaka apate maelezo ya maana. Shilingi moja, sarafu ambayo dukani hainunui hata pipi, inasimamisha bajeti ya mabilioni huku wenzake wakisimama kumuunga mkono na waziri akijieleza upya, safari hii kwa jasho. Mara nyingi huishia hapo, mbunge akisimama tena: "Mheshimiwa Mwenyekiti, pamoja na maelezo mazuri ya Waziri, narudisha shilingi."