Giza la Roho: Yanayosemwa na Yaliyoandikwa

Katika mialo ya Kibirizi na Katonga mjini Kigoma, neno giza halimtishi mtu. Wavuvi wa dagaa huhesabu siku zao kwa mwezi: mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzishwa ufukweni, kwa kuwa taa haziwavuti dagaa vizuri ziwa zima likiwa jeupe, giza likirudi, kazi nayo hurudi. Ajabu ni kwamba watu hao hao wakiingia kanisani Jumapili, giza hugeuka neno la aibu, na muumini anayekiri kwamba sala zake zimekauka na kwamba Mungu amekuwa kimya kwake huulizwa kwanza ametenda dhambi gani.

Hiyo ndiyo dhana iliyokita mizizi kuliko zote, kwamba giza la kiroho ni ushahidi wa dhambi iliyofichwa au wa imani haba. Ni kweli kwamba dhambi inaweza kumtia mtu giza. Zaburi ya 32 inasimulia mifupa iliyochakaa kwa sababu ya kosa lililonyamaziwa. Lakini kulifanya hilo kuwa kanuni ya kila mtu ni kurudia kosa la Elifazi, Bildadi na Sofari, rafiki zake Ayubu, ambao walikaa naye kimya siku 7 mchana na usiku, wakafanya vema, kisha wakafumbua vinywa na kuharibu. Sura ya 42 inaeleza kwamba hasira ya Mungu iliwaka juu ya hao waliokuwa wakimtetea Mungu kwa hoja, wala si juu ya Ayubu aliyekuwa akilalamika. Karibu na zama zetu yupo Mama Teresa wa Kolkata, aliyefariki mwaka 1997. Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba kwa karibu miaka 50 aliishi pasipo kuhisi uwepo wa Mungu, huku akiendelea kusali na kuwahudumia maskini kila siku. Anayeshikilia kwamba giza ni upungufu wa imani ana deni la kueleza maisha ya mama huyo.

Dhana ya pili hufuata nyayo za ile ya kwanza: kwamba kumlalamikia Mungu ni kumkufuru, na kwamba mwamini wa kweli husema "Bwana asifiwe" hata moyo unapovuja damu. Takribani theluthi ya Zaburi ni maombolezo. Nyingi huanza kwa kilio na kuishia kwa sifa, lakini Zaburi ya 88 haifiki huko. Inaanza kwa kilio cha usiku na mchana na kufungwa ikiwa bado gizani, na bado ikahesabiwa kuwa Neno la Mungu. Naye Yesu msalabani aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22, akiuliza mbona ameachwa. Aliyekata tamaa kabisa hamuulizi Mungu swali. Anayeuliza bado anaamini kwamba yupo wa kumsikia.

Hapa Ujiji tunayo kumbukumbu inayohusu jambo hilo, ingawa husimuliwa nusu. Kila mtoto wa shule anajua kwamba mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone mahali hapa mwaka 1871. Wachache wanajua ukurasa unaotangulia: Livingstone alifika Ujiji mgonjwa na amedhoofu, akakuta mali aliyoitegemea imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza, naye akaandika katika shajara yake kwamba alijiona kama yule mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi njiani kuelekea Yeriko, ila yeye hakuweza kumtarajia kuhani, Mlawi wala Msamaria mwema. Aliomboleza kwa lugha ya Injili, na hakuna aliyemfuta katika orodha ya waamini.

Ipo pia dhana kwamba kila giza ni pepo au kurogwa, na kwamba dawa yake ni kufunga na kukesha tu. Katika 1 Wafalme sura ya 19, nabii Elia alijilaza chini ya mti wa mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumwamuru kufunga. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Usingizi uliopotea, hamu ya chakula iliyokwisha na mawazo ya kutaka kufa vinaweza kuwa dalili za sonona, ambayo ni ugonjwa wenye tiba, na kumpeleka mgonjwa hospitali hakupunguzi sala hata moja. Mwenye mawazo ya kujiua asisubiri mkesha wa Ijumaa. Apelekwe leo, na asiachwe peke yake.

Kuhusu tumaini, wengi hudhani ni furaha inayorudi moyoni. Paulo anaeleza katika Warumi sura ya 8 kwamba kilichokwisha kuonekana hakitarajiwi tena, maana yake tumaini ni la wasioona bado.

Na imani si mzigo ambao kila mmoja lazima aubebe peke yake. Katika Marko sura ya 2, yule mwenye kupooza alibebwa na watu 4, wakalitoboa dari, na Injili inasema Yesu aliiona imani yao. Ya mgonjwa mwenyewe haikutajwa peke yake. Sisi tunajua namna ya kukaa msibani: tunaketi mkekani na mfiwa, hatumuulizi sana, tunachota maji na kupika. Muumini aliye gizani anaweza kupokelewa vivyo hivyo katika jumuiya, aketi kati ya wanaosali bila kulazimishwa kutoa ushuhuda, wengine wakimsomea zaburi ambayo kwa sasa yeye hawezi kuisoma.