Mwenye kipaza sauti naye hufia vitani

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, mkuki na ngao vikishawekwa mnarani, vijiwe vya Dodoma hurudia neno lile lile: shujaa ni aliyeshika bunduki. Askari wa vita vya kisaikolojia, wanaomshawishi adui kwa maneno, eti, ni watu wa ofisini. Wanaandika vipeperushi na kunywa chai.

Wapo wa ofisini, ni kweli. Lakini kipeperushi hakijipeleki, na sauti ya spika haifiki mbali. Ukitaka adui akusikie kwa lugha yake ukimwambia aweke silaha chini, lazima umsogelee. Upepo nao hula nusu ya maneno (sisi wa Dodoma hatuhitaji kuelezwa habari za upepo). Mara unapoanza kusema, umeshamwonyesha ulipo, na ulichoshika ni kipaza sauti.

Katika Vita vya Ghuba vya 1991, vikundi vya spika vya jeshi la Marekani vilikwenda pamoja na vikosi vya mbele. Vipeperushi vipatavyo milioni 29 vilimwagwa, na askari wengi wa Iraki walijisalimisha wakiwa navyo mkononi. Kila aliyejisalimisha hakuua wala hakuuawa, ndiyo maana kazi hii haina picha za kusisimua.

Huko Fort Bragg, kambi ya jeshi la Marekani jimboni North Carolina, majina ya askari wa vita vya kisaikolojia waliokufa yameandikwa kwenye ukuta mmoja na ya makomando.