Kabla hujaandaa semina ya mamba, waulize wamama wanachota maji wapi

Watu wakisikia kazi yangu ni kusaidia binadamu na wanyamapori waishi pamoja huku Mwanza, moja kwa moja wanajua niko Serengeti na tembo, darubini shingoni. Hapana jamani. Tembo wapo na wenzetu wa Bunda na Busega wanajua wanachokipata, ila mimi niko mwambao, upande wa Sengerema na Buchosa, na wanyama wangu ni wawili tu, mamba na kiboko. Na sehemu kubwa ya kazi yenyewe wala sio mnyama, ni maji ya bomba, nyavu za uzio na vikao. Vikao vingi sana.

Naandika hii kwa ajili ya vijana wanaonitumia meseji, wamemaliza chuo, wanataka kuanzisha mradi kama wetu kwao, na karibu wote wanaanza na kitu kilekile: elimu kwa jamii. Mabango, fulana, semina ya siku mbili na soda. Sasa mi nauliza, mama aliyezaliwa palepale mwaloni, pale mitumbwi inapoegesha na samaki wanaposhushwa, ameshaona jirani yake anavutwa na maji yanageuka rangi, wewe unatoka mjini unaenda kumwambia mamba ni hatari? Anajua kukuzidi. Anashuka ziwani kwa sababu nyumbani hakuna maji, ndoo ni tupu na watoto wanataka uji, basi.

Kwa hiyo anza na huyo mnyama anavyofanya kazi, halafu angalia watu wanavyoishi, utaona wanakutania wapi. Mamba wetu ni yule wa Nile, akiwa mdogo anakula wadudu, vyura na samaki, akishakuwa mkubwa ndo anaanza kuangalia mbuzi, mbwa na mtu. Mwili wake unategemea joto la nje kwa hiyo hachomi nguvu ovyo, anaweza kukaa muda mrefu bila kula na wala hana haraka, anazama, anabakiza macho na pua juu, anasoma ratiba. Wewe ukichota maji sehemu ileile, saa ileile, ukiwa umeinama mgongo umegeukia nchi kavu, hujui tu kwamba umeshampa miadi.

Ndo maana kitu cha kwanza tunachofanya kijijini ni ramani, na sio ya kwenye kompyuta. Tunakaa na wamama peke yao chini ya mti, mtu anachukua kijiti anachora mwambao kwenye vumbi: hapa tunachota, hapa tunafua, hapa watoto wanaoga wakitoka shule, hapa tunaanika dagaa. Nasema peke yao kwa makusudi, maana kwenye mkutano wa kijiji wanaume watakuambia habari za nyavu na mashamba mpaka jua linazama na hakuna atakayetaja sehemu ya kufulia. Halafu ukishachora unakuta zile sehemu zote ni moja, na pembeni yake mita chache tu ndo wanapoparua samaki, utumbo wa sangara unatupwa majini. Yaani mnamwekea chakula na hapohapo mnaleta mtoto aoge. Kuhamisha sehemu ya kuparulia samaki ndo jambo la bei rahisi kuliko yote tuliyowahi kufanya, halihitaji mfadhili, linahitaji BMU, yaani kikundi cha wavuvi wenyewe kinachosimamia mwalo, wakubali na waweke faini yao wenyewe, wakitaka inafuatwa, wasipotaka hata uandike bango la mita kumi hamna kitu.

Kidogo kuhusu vikao. Ukitaka wavuvi wa dagaa usiitishe kikao siku za giza, zile ambazo usiku hauna mwezi, hao wako ziwani na taa zao usiku kucha na mchana wamelala, utajaza mkeka na wazee na watu wanaosubiri posho. Subiri mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti dagaa vizuri, mitumbwi inapumzika, watu wapo nyumbani na wana akili ya kubishana. Kalenda ya mradi wetu inafuata mwezi na nimeshamweleza mtu wa fedha mara nyingi kwamba robo mwaka yake haina uhusiano na ziwa, hanielewi lakini tunaenda hivyohivyo.

Sasa vizimba. Kama hujawahi kuona, kizimba ni uzio wa nguzo na nyavu za chuma unaoingia ndani ya ziwa, mtu anaingia kwa mlango wa nchi kavu, anachota na kufua humo ndani, mamba anabaki nje. TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori, wamejenga kwenye maeneo ya huku na vinafanya kazi, sitaki mtu aseme nimevipinga. Ila kizimba kina adui wawili. Kwanza kutu, na kutu inaanzia chini kwenye mchanga ambako huoni, wavu juu unameta vizuri kabisa halafu ukipapasa kwa mti chini kabisa unakuta tundu la kupitisha mbuzi. Sisi tuna vijana wawili kila mwalo, kazi yao ni kupapasa huko chini, mmoja anapapasia ndani ya kizimba na mwenzake anasimama juu ya jiwe anaangalia nje.

Adui wa pili ni ziwa lenyewe. Victoria halikai sehemu moja. Mwaka 2006 maji yalishuka sana, 2020 yakapanda mpaka yakafikia rekodi ya 1964, na 2024 yakaipita hiyo rekodi. Mwambao wetu kwingi ni tambarare, maji yakipanda kidogo tu kwa kimo yanaingia ndani mita nyingi, kwa hiyo kizimba ulichojenga mwaka wa maji machache kinamezwa mlango na vyote, na ulichojenga mwaka wa maji mengi siku moja unakikuta kimesimama kwenye majani makavu kama zizi. Mfadhili anakuja kupiga picha siku ya uzinduzi anaondoka, bajeti ya kukihamisha hamna. Siku hizi hatukubali pesa ya kujenga kama hamna pesa ya kusogeza. Na ukiniuliza kama nina pesa ya kitu kimoja tu nichague kipi, nitakuambia kilula cha maji juu kule kwenye nyumba, sio kizimba. Bomba linamwondoa mama kwenye mdomo wa mamba na hapohapo linamwondoa kwenye kichocho, ambacho huku mwambao kiko kila mahali. Ndo maana rafiki zangu wa karibu kikazi sio watu wa wanyamapori, ni watu wa RUWASA, wale wa maji vijijini, na wa zahanati.

Kuna swali litakuja tu, jiandae: "Mwalimu, huyu sio mamba wa kawaida, ametumwa." Usicheke na usibishane, huu ni ukanda ambao bibi kizee anaweza kupoteza maisha kwa neno la namna hiyo. Mzee mmoja wa sungusungu ndo alinifundisha jibu, alisimama akauliza, "Haya, hata kama ametumwa, amepitia wapi?" Kikao chote kikageuka, watu wakaanza kutaja matete, tundu, sehemu ya utumbo wa samaki. Toka siku hiyo naliuliza kila mahali. Jina la bibi wa watu halitajwi tena, tunazungumzia njia.

Kiboko ni habari nyingine kabisa. Huyu mchana yuko majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua, usiku anapanda kula majani, kama kilo 40 kwa usiku mmoja, na anapita njia yake ileile miaka nenda rudi. Ukiiona huwezi kuichanganya na ya ng'ombe: ni mifereji miwili sambamba na tuta la majani katikati, maana miguu yake imeachana. Watu wengi wanaouawa na kiboko nchi kavu ni waliosimama kati yake na maji, au kati ya mama na mtoto, alfajiri au jioni ileile ambayo mvuvi anashuka mwaloni. Kwa hiyo sisi njia za kiboko tunaziacha wazi, tunaweka alama, na za watu tunazihamisha. Ukuta wa mawe unamzuia vizuri kwa sababu kiboko hapendi kuruka, na mawe Mwanza Mungu katupa bila hesabu, ila ukimzibia njia yote atatokea kwa jirani na utakuwa umehamisha msiba.

Na hapa ndo tunaingia kwenye ugomvi mkubwa. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wote wanaijua. Lakini bustani nzuri ya nyanya iko hapo hapo, maji karibu, udongo mweusi, na kiangazi majani ya juu yakikauka kijani kilichobaki ni hizo nyanya na matembele. Kiboko akila, mtu anakuja kwangu kuulizia kifuta jasho. Namwambia ukweli mapema kabla hajajaza fomu: kifuta jasho cha mazao na kifuta machozi cha mtu aliyeumia au kufa sio fidia, serikali haikulipi thamani ya ulichopoteza. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa mtu aliyeuawa, na kwa mazao malipo yakaishia ekari 5 hata kama umeliwa ekari 8. Ni pole. Ukimwachia mtu aamini atalipwa nyanya zake zote, siku hela ikija au isipokuja utakuwa umempoteza yeye na ukoo wake mzima.

Kwa sasa kijiji kimoja kimekubali kupima mita 60 na kuotesha majani ya ng'ombe badala ya mboga, mifugo inakatiwa mchana na kiboko anakula usiku. Wengi wamesaini. Aliyebaki ni bwana mmoja mwenye bustani kubwa kuliko wote, na ndiye mjumbe wa serikali ya kijiji. Kikao chake ni mbalamwezi ijayo, mtendaji ameniambia nije na futi kamba yangu mwenyewe maana ya kijiji imepotea.