Misimu ya mtaani: dhana zilizozoeleka na hali halisi

"Misimu ni lugha ya wahuni." Hili ndilo utakalolisikia kwanza, nalo liko mbali kabisa na ukweli. Dar es Salaam mwalimu, karani na muuza nyanya wote husema buku kwa shilingi elfu moja na jero kwa mia tano. Noti ya elfu kumi ni msimbazi kwa sababu ya wekundu wake: klabu ya soka ya Simba huvaa nyekundu, na makao yake yako Mtaa wa Msimbazi.

Dhana inayowapoteza wengi zaidi, hasa wanaojifunza lugha, ni kwamba ukijua maneno umejua maana. Chukua "kupiga mzinga". Hapa hakuna nyuki wala vita. Ni kuomba hela, na mara nyingi mwombaji hana mpango wa kurudisha. Ujumbe wenyewe huja hivi: "Mkubwa, kimya sana! Familia haijambo? Mungu ni mwema. Sasa kaka, nimekwama kidogo hapa..." Mwenyeji hangoji kufika mwisho, kwenye "kimya sana" tayari ameshauona mzinga unakuja.

Sasa angalia utaratibu ulivyo mkali. Ukisema "nimepigwa mzinga", umeombwa hela. Ukisema "nimepigwa" ukaishia hapo, umetapeliwa, au umeuziwa kitu kwa bei ya kukomoa. Aliyekuomba hela haitwi mpigaji. Huyo ni mzee wa mizinga, na watu humcheka tu. Mpigaji ni yule anayetafuna fedha za umma. Kumwita mtu hivyo ni tuhuma nzito, kwa hiyo anayedhani misimu husemwa ovyo ovyo ataingia matatani upesi.

Wapo wanaoamini pia kwamba misimu imeua adabu. Kijana akikutana na mwenzake husema "mambo", naye hujibiwa "poa". Akitokea mama wa rafiki yake, papo hapo utasikia "shikamoo mama". Anajua kila salamu ina mtu wake.

Wala misimu haifanani kote. Nairobi soo ni shilingi mia na mbao ni shilingi ishirini. Dar es Salaam soo ni aibu au msala, yaani matatizo, na mbao ni za kuezekea nyumba. Noti ya Kenya ya shilingi 500 ilipewa jina la jirongo, kutokana na Cyrus Jirongo aliyeongoza kundi la vijana wa chama cha KANU kwenye uchaguzi wa 1992. Mtanzania hawezi kulikisia hilo.

Ama kuhusu kuharibu Kiswahili, mimi naona kinyume chake. Matatu limetokana na mapeni matatu, yaani senti 30 za nauli. Daladala limetokana na dala, jina la mtaani la shilingi tano. Leo hakuna anayeona haya kuyaandika. Kuchakachua nalo lilikuwa neno la vituo vya mafuta, la kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli au petroli. Uchaguzi wa Tanzania wa 2010 ulipofika, watu wakaanza kulitumia kwa udanganyifu wa kura, na wahariri wa magazeti wakaliweka kwenye vichwa vya habari.